Sentensi za Masharti za Kiingereza kwa Mtu Anayefikiri kwa Kiswahili

Hotuba kwa walimu wa Kiingereza na wanachuo wa ualimu, Dodoma

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu mnaofundisha somo la Kiingereza katika shule za mkoa huu, wanachuo mnaojiandaa kuingia darasani, mabibi na mabwana, mbukwenyi.

Nimeombwa nizungumzie sentensi za masharti za Kiingereza, yaani zile sentensi ambazo upande mmoja hutaja jambo, na upande wa pili hutaja kitakachofuata iwapo jambo hilo litakuwa, lingekuwa au lingalikuwa. Nimekubali kwa furaha, kwa sababu hii ni mada ambayo wengi wetu huifundisha kwa vipindi viwili tu: tunachora jedwali ubaoni, tunauliza kama imeeleweka, darasa linaitikia kwa sauti moja kwamba imeeleweka, kisha tunakutana nayo tena katika insha za Kidato cha Nne ikiwa imepinda palepale ilipokuwa imepinda siku ya kwanza.

Nianze na sentensi moja. "If I would be the Minister of Water, I would build a dam in our village." Hakuna mwalimu humu ndani ambaye hajawahi kusahihisha sentensi ya namna hii. Tunaizungushia "would be" ya kwanza duara la kalamu nyekundu, tunaandika "were" juu yake, tunachukua daftari linalofuata. Marekebisho hayo ni sahihi, ila hayamwelezi mwanafunzi kwa nini amekosea, na asiyeelezwa sababu hana cha kushika isipokuwa kukariri. Hoja yangu leo ni kwamba mwanafunzi aliyeandika sentensi ile hakuwa akibahatisha hata kidogo. Alikuwa akifuata kanuni, tena kanuni nzuri, aliyofundishwa vizuri na mwalimu mwenzetu wa chumba cha pili.

Tukitazame Kiswahili. "Ningekuwa Waziri wa Maji, ningejenga bwawa kijijini kwetu." Kiambishi -nge- kimekaa katika kitenzi cha kwanza na kimekaa katika kitenzi cha pili. Tena mwalimu wa Kiswahili hakuishia hapo, bali alisisitiza kwamba pande mbili za sentensi ya masharti ni lazima zilingane: ukianza na -nge- umalize na -nge-, ukianza na -ngali- umalize na -ngali-. "Angalijua angalikuja" hupewa alama. "Angalijua angekuja" hukatwa. Sote tulifanya zoezi hilo. Sasa mfikirieni mtoto anayetoka katika kipindi cha Kiswahili akiwa amekatwa alama kwa kutolinganisha pande mbili, kisha, dakika chache baadaye, katika kipindi cha Kiingereza, analinganisha pande mbili kwa uangalifu wote aliofundishwa, na anakatwa alama kwa kulinganisha. Hakuna aliyemwambia kwamba amevuka mpaka na kwamba sheria za upande huu ni nyingine. Kila mwalimu anafundisha lililo sahihi, na mtoto anabaki na makosa ya wote wawili.

Basi sheria ya upande wa Kiingereza ni ipi? Katika sentensi ya masharti ya kawaida, kishazi chenye "if" hakibebi "would", wala hakibebi "will" ya wakati ujao. Maneno hayo mawili ni mali ya kishazi cha pili, kile kinachotaja matokeo. Kishazi chenye "if" kina njia yake ya kuonyesha kwamba jambo liko mbali na uhalisia, nayo ni kurudisha kitenzi hatua moja nyuma katika wakati. Jambo la sasa au la baadaye ambalo msemaji analiona kuwa la kudhania tu huvishwa umbo la wakati uliopita. Jambo la zamani ambalo halikutokea huvishwa umbo la nyuma zaidi, lile la "had" pamoja na kitenzi timilifu. Ni hatua ileile moja inayopigwa mara zote mbili, na mwanafunzi aliyeiona hatua hiyo hahitaji tena kukariri jedwali.

Mvua ni jambo tunalolijua vizuri hapa kwetu, kwa hiyo niichukue niipitishe katika hatua hizo. Ikiwa ni Desemba, mawingu yamejikusanya, na mkulima wa Bahi anapanga kazi ya shamba, atasema "Mvua ikinyesha wiki hii, tutapanda mtama", na kwa Kiingereza ni "If it rains this week, we will plant sorghum." Jambo liko wazi, laweza kuwa na laweza lisiwe, na kitenzi cha "if" kimebaki katika umbo la wakati uliopo ingawa mvua yenyewe ni ya siku zijazo. Tuseme sasa tuko kiangazi, na mtu anawaza tu: "Mvua ingenyesha Agosti, tungeshangaa." Anayeijua Dodoma anajua kwamba Agosti si mwezi wa kungojea mvua. Kiingereza kinapiga hatua moja nyuma: "If it rained in August, we would be surprised." Mwisho kabisa tuseme msimu umekwisha, mtama umekauka ukiwa bado mdogo, na watu wanazungumza juu ya Januari iliyopita bila mvua: "Mvua ingalinyesha Januari, tungalivuna." Hapo hatua nyingine inapigwa: "If it had rained in January, we would have harvested." Tazameni upande wa pili wa sentensi hizo tatu: "will plant", "would be", "would have harvested". Upande wa "if" nao umekuwa na "rains", "rained", "had rained". Hakuna mahali ambapo pande mbili zimevaa nguo moja.

Hapa ndipo mwanafunzi makini huinua mkono, na ninaomba asinyamazishwe. Husema: "Mwalimu, 'rained' ni wakati uliopita, na Agosti tunayoizungumzia haijafika. Inakuwaje?" Vilevile huuliza juu ya "If I had a car now", akitaka kujua jinsi "had" ya zamani inavyoweza kukaa na "now" ya sasa hivi katika sentensi moja. Ni swali zuri sana, na jibu la kwamba "ndivyo Waingereza wanavyosema" halimheshimu aliyeuliza. Jibu ni kwamba umbo la wakati uliopita halina kazi ya kutaja wakati peke yake. Lina pia kazi ya kuliweka jambo mbali na msemaji. Wala si ajabu ya Kiingereza. Mtu anapoingia ofisini na kusema, "Shikamoo mama, nilikuwa na shida kidogo", shida yake haikwisha jana. Anayo, amekuja nayo, na ndiyo iliyomleta. Amesema "nilikuwa" ili kuiweka shida ile mbali kidogo, asimvamie mwenye ofisi. Anayesema dukani "nilikuwa naulizia bei ya saruji" anaulizia sasa. Wanafunzi wetu wanayatumia maumbo haya kila siku, na mwalimu akiwakumbusha hilo, "If I had a car now" haionekani tena kuwa kichaa.

Kuna jambo la "were" ambalo nitalipita haraka. Kitenzi cha kuwa, katika masharti ya kudhania, hutumia "were" kwa nafsi zote: "If I were you", "If she were here." Katika mazungumzo Waingereza wengi husema pia "If I was", na hilo halipaswi kutukosesha usingizi, ila katika mtihani na katika barua rasmi mwanafunzi abaki na "were", na katika "If I were you" asibadilishe kamwe.

Turudi kwenye -nge- na -ngali-, kwa maana hapa kuna mtego ambao jedwali haliuonyeshi. Vitabu vya sarufi ya Kiswahili hutuambia kwamba -nge- ni ya jambo ambalo bado laweza kuwa na -ngali- ni ya jambo lililokwisha kupita. Mnajua, na ninajua, kwamba mitaani watu hawasemi hivyo. Mtu akikuambia "Ungeniambia ningekuja", haongei juu ya kesho. Anakulaumu kwa msiba wa jana ambao hukumwarifu. "Ningejua nisingepanda lile gari" inasemwa na mtu aliyekwisha kupanda, likaharibika Gairo, na akalala njiani. Kiswahili cha kila siku kimemwachia msikilizaji kazi ya kujua kama jambo ni la jana au la leo, na msikilizaji anaiweza kazi hiyo kwa sababu anajua habari yenyewe. Kiingereza hakiachi hivyo. Mwanafunzi anapotafsiri "Ningejua nisingepanda" kuwa "If I knew, I would not board", Mwingereza anaelewa kwamba gari bado halijaondoka na msemaji bado anatafakari. Alipaswa kuandika "If I had known, I would not have boarded." Ndiyo maana ninawashauri walimu kwamba, kabla ya kuruhusu mwanafunzi aandike sentensi yenye -nge- kwa Kiingereza, wamuulize kwanza jambo lenyewe ni la lini. Akijibu kwamba limekwisha kupita, basi ni "had" upande wa "if" na "would have" upande wa matokeo, hata kama Kiswahili chake kimesema -nge- tu.

Katika umbo hili la mwisho kuna vitu viwili vinavyowasumbua wanafunzi kuliko vingine. Cha kwanza ni "had had", kama katika "If I had had money, I would have paid the fees." Wanafunzi wengi hudhani ni kosa la chapa, wakafuta "had" moja kwa nia njema, na sentensi ikaanguka kutoka jana hadi leo. Waelezwe kwamba "had" ya kwanza ni kitenzi kisaidizi, na ya pili ndiyo yenye fedha. Cha pili ni ufupisho. Katika mazungumzo, mzungumzaji wa Kiingereza kwa kawaida hasemi "If I had known, I would have come" kwa maneno yote hayo, husema "If I'd known, I'd have come." Sikio la mgeni linasikia sauti moja pande zote mbili, na linahitimisha, kwa haki kabisa, kwamba pande zote mbili ni "would". Kumbe "'d" ya kwanza ni "had", na ya pili ni "would". Aidha, wako wazungumzaji wa Marekani ambao katika mazungumzo ya kawaida husema "If I would have known", na vijana wetu huwasikia katika filamu, wakaja kutuuliza kwa nini tunawakatalia. Tuwajibu kwa uaminifu: watu wanasema hivyo, lakini Kiingereza rasmi cha kuandikwa na cha mtihani hakikubali.

Sasa niingie kwenye -ki-, ambayo kwa maoni yangu inaleta matatizo zaidi ya -nge-, ila hatuyaoni kwa sababu sentensi inayotokea haina kosa la sarufi. "Nikifika Dar es Salaam nitakupigia simu." Binti amepanda treni ya umeme hapa Dodoma, anamwandikia mwenyeji wake ujumbe kwa Kiingereza: "If I arrive in Dar es Salaam, I will call you." Hakuna mwalimu atakayeweka duara hapo. Lakini mwenyeji anayekijua Kiingereza atashtuka, kwa sababu "if" inasema kwamba kufika kwenyewe hakuna uhakika. Binti alikusudia "When I arrive." Kiswahili kina -ki- moja kwa jambo ambalo huenda likawa na kwa jambo ambalo hakika litakuwa, Kiingereza kinamlazimu msemaji achague. Kwa hiyo "Jua likizama tutaondoka" haiwezi kuwa na "if", kwa sababu jua halijawahi kukosa kuzama, na "Baba akikubali tutaondoka" haiwezi kuwa na "when" isipokuwa kama baba amekwisha kukubali kimoyomoyo na watoto wanajua. Nimeona wanafunzi wakilifurahia zoezi la namna hii, maana linawafanya wabishane juu ya hakika ya mambo na si juu ya sarufi tu.

Neno "kama" nalo lina mambo yake. Mtu husema "Kama mvua itanyesha, tutabaki nyumbani", na Kiswahili hakina ugomvi na -ta- hiyo, basi mwanafunzi huandika "If it will rain, we will stay at home." Tunamkataza "will". Kesho yake anaisoma sentensi "I don't know if he will come" katika kitabu kizuri kabisa, na anakuja kutuonyesha. Msimfukuze. Katika "Sijui kama atakuja" hakuna sharti lolote, kuna swali lililofichwa ndani ya sentensi, yaani "Atakuja?" Kipimo chake ni rahisi: mahali pa "if" weka "whether", na sentensi ikikubali bila kubadilika maana, basi hilo si sharti, na "will" ina ruhusa ya kukaa hapo. "I don't know whether he will come" inakubali. "Whether it rains, we will stay at home" haikubali, na mwanafunzi mwenyewe anaisikia ikikwama.

Nikiwa hapo niseme pia kuhusu ubaguzi mmoja ambao watumishi wa ofisi hukutana nao, kwa kuwa mji huu ni wa barua rasmi kuliko mji mwingine wowote nchini. "I would be grateful if you would send me the minutes of the meeting." Hapa "would" imekaa pande zote mbili, na ni Kiingereza safi. Sababu ni kwamba "would" iliyo upande wa "if" haidhanii chochote. Inaomba hisani, kama kusema "ukiwa radhi kunitumia". Vivyo hivyo mwenyeji anaposema "If you will follow me" hatabiri kwamba mgeni atamfuata; anamwomba amfuate. Mwalimu anayefundisha kwamba "would" haikai kamwe baada ya "if" atakuja kuumbuliwa na barua iliyoandikwa vizuri. Bora aseme tangu mwanzo kwamba haikai pale inapotaka kudhania.

"Unless" nayo haihitaji maneno mengi. Tunayo methali isemayo "Usipoziba ufa utajenga ukuta", na kanusho limo ndani ya -sipo-. Kwa Kiingereza twaweza kusema "If you do not fill the crack, you will build a wall", au "Unless you fill the crack, you will build a wall." Katika sentensi ya pili kanusho limo ndani ya "unless" yenyewe. Mwanafunzi hulileta kanusho la -sipo- pamoja na "unless", akaandika "Unless you do not fill the crack", na methali ya wazee ikageuka kuwa onyo dhidi ya kuziba nyufa.

Masharti yasiyo na "if" ndiyo yanayogharimu watu fedha. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuutekeleza ule uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma, mji wetu umejaa wapangaji, na mikataba mingi ya pango inaandikwa kwa Kiingereza. Kijana anayeanza kazi anapewa karatasi yenye maneno haya: "Should the tenant damage the walls, the landlord shall keep the deposit." Darasani alifundishwa kwamba "should" maana yake ni kupaswa. Anatafuta "if" katika mstari ule, haioni, na anabaki na tafsiri ya ajabu kwamba mpangaji anapaswa kuharibu kuta. Bila shaka hataamini hivyo, ila hatajua pia kwamba ameweka saini chini ya sharti. Katika Kiingereza rasmi, "if" huweza kuondolewa na kitenzi kisaidizi kikasogezwa mbele kuchukua nafasi yake: "Should the tenant damage" ni sawa na "If the tenant damages", "Had I known" ni sawa na "If I had known", na "Were the rent to increase" ni sawa na "If the rent were to increase." Sentensi ambayo kitenzi chake kisaidizi kimekuja mbele ya mtenda, na mwisho wake hauna alama ya kuuliza, ishukiwe kuwa ni sharti. Ningependa kila mwanafunzi wa Kidato cha Tatu afundishwe kuitambua hata kama hatafundishwa kuiandika, na mfano bora wa kutumia ni mkataba halisi wa pango uliofutwa majina.

Mahali pengine panapompima kijana ni chumba cha usaili. Anaulizwa: "What would you do if a parent refused to talk to you?" Anasikia "refused", anadhani anaulizwa habari ya jambo lililomtokea, na anajibu kwa haraka kwamba hakuna mzazi aliyewahi kukataa. Hakudanganya, wala hakuelewa. Aliyeijua hatua moja nyuma angetambua kwamba swali ni la kudhania, na jibu lake lingeanza na "I would". Kisha, kwa kuwa sharti limekwisha kutajwa na aliyeuliza, hana haja ya kulirudia. Anaendelea na "would" katika sentensi zote zinazofuata mpaka amalize kueleza mpango wake.

Nije kwenye namna ya kufundisha. Vitabu huzigawa sentensi hizi katika aina ya kwanza, ya pili na ya tatu, na vingine huongeza aina sifuri kwa mambo ya siku zote kama "If goats enter the vineyard, they eat the leaves." Sizipingi namba hizo, zinasaidia kupanga somo na maswali ya mtihani huzitegemea. Ila hakuna Mwingereza anayezungumza huku akihesabu aina, na lugha yenyewe haikai ndani ya namba nne. "If you see the headmaster, greet him" ina amri upande wa matokeo. "If it rains, the river may overflow" ina "may". "If the Government had not moved to Dodoma, rents would be lower today" ina upande mmoja wa jana na upande mmoja wa leo, na mwanafunzi aliyekariri kwamba "had" huenda na "would have" tu ataisahihisha sentensi hiyo mpaka iharibike. Kwa sababu hiyo napendelea tuanze na maswali mawili kabla ya namba yoyote: je, msemaji analiona jambo hili kuwa bado laweza kuwa? Na ni jambo la lini? Maswali hayo yaulizwe kwa kila upande wa sentensi peke yake, na umbo la kila kitenzi litajibu swali lake bila kusubiri mwenzake.

Na yaulizwe kwa Kiswahili. Najua hapa nagusa jambo ambalo si wote tunakubaliana. Ziko shule ambazo mtoto akitamka neno la Kiswahili katika eneo la shule huadhibiwa, na nia ya walioweka sheria hiyo ni njema, kwani masomo ya sekondari, ukiacha Kiswahili chenyewe na machache mengine, yanafundishwa kwa Kiingereza na mtoto anahitaji mazoezi. Lakini katika mada hii Kiswahili ndicho chanzo cha kosa, na kosa haliwezi kung'olewa na mwalimu ambaye haruhusiwi kulitaja. Mwalimu aandike ubaoni "Ningejua nisingepanda", achore mstari chini ya -nge- zote mbili, kisha aandike Kiingereza chake chini yake na kuwauliza wanafunzi -nge- ya kwanza imekwenda wapi. Dakika kumi za namna hiyo, kwa maoni yangu, zina faida kuliko wiki nzima ya kujaza mapengo. Wako watoto Kondoa na Chemba ambao kabla ya Kiswahili walianza na Kirangi, Kisandawe au Kiburunge, na mwalimu anayezijua lugha hizo asiogope kuuliza masharti husemwaje nyumbani kwao.

Katika kusahihisha, nashauri tutenganishe makosa yanayobadilisha maana na yale yasiyoibadilisha. "If I would be" haimpotezi msomaji; ni kosa, likatwe nusu alama. "If I knew" mahali pa "If I had known" linahamisha tukio kutoka jana hadi leo, na "if" mahali pa "when" inatia shaka pasipo na shaka. Hayo yaelezwe pembezoni mwa daftari kwa sentensi nzima. Mkato nao tuupe nafasi yake ndogo: kishazi cha "if" kikitangulia, mkato huwekwa kabla ya matokeo, matokeo yakitangulia, kwa kawaida hauwekwi. Mwanafunzi aliyesahau mkato hajasahau masharti.

Ndugu Mwenyekiti, masuala ya "wish" sikuyagusa, kwa sababu mwenzangu atakayenifuata ameyatayarisha. Nipo tayari kupokea maswali, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Asanteni kwa kunisikiliza.